Tarehe 9 Agosti, Majengo na Minneapolis

Tarehe 9 Agosti 2022 ilinikuta na chaguzi mbili kwa siku moja, mmoja Kenya na mwingine Marekani. Vituo vya Minneapolis vilipofunguliwa saa moja asubuhi, kwetu Majengo, Pumwani, jijini Nairobi, ilikuwa saa tisa alasiri, na shangazi yangu alikuwa ameshapiga kura zake sita na kurudi nyumbani na wino kidoleni. Alinipigia simu nikiwa nimepanga foleni.

"Huko nako mnachagua nani?"

"Leo ni mchujo tu wa wagombea wa vyama, shangazi. Uchaguzi wenyewe ni Novemba."

"Mchujo? Na unaupangia foleni?"

Najua alikolitoa swali hilo. Mchujo wa mwisho aliohudhuria alifika uwanja wa shule kabla ya jua kuchomoza, akiwa na kitambulisho chake na chupa ya chai. Masanduku yalikuja adhuhuri. Jina lake halikuwa katika orodha ya chama alichokitumikia miaka na miaka. Jioni, watu wakiwa bado mlolongoni, habari zikaja kwamba cheti cha kugombea kilishatolewa kwa mtu ambaye hakuonekana uwanjani siku nzima. Tangu siku hiyo hataki kusikia neno mchujo, na mimi sina la kumlaumu.

Lakini nimeishi hapa muda wa kutosha kujua kwamba mchujo ndio uchaguzi. Eneobunge la Tano la Minnesota ni mji wa Minneapolis na baadhi ya vitongoji vyake. Republican wa mwisho kukikalia kiti hiki alikuwa Walter Judd, daktari aliyewahi kuwa mmisionari China. Mwaka 1962 Don Fraser alimbwaga, na tangu hapo kiti hakijatoka mikononi mwa DFL, kama wanavyojiita Democrats wa jimbo hili. Fraser alikaa miaka 16, Martin Sabo akaja akakaa 28. Kwa lugha yetu, hii ni ngome. Mwenye tikiti ndiye mbunge.

Tofauti iko kwa anayeitoa tikiti. Sabo alipotangaza kustaafu mwaka 2006, alikuwepo Mike Erlandson, mkuu wa ofisi yake, ambaye pia alishakuwa mwenyekiti wa chama katika jimbo. Kwetu mtu wa namna hiyo angekabidhiwa cheti hotelini, wengine wakaambiwa waheshimu maelewano. Hapa aliingia debeni, akapata asilimia 31. Keith Ellison, Mwislamu mweusi, alipata 41, na Januari 2007 akawa Mwislamu wa kwanza katika Bunge la Marekani.

Mwaka 2018 Ellison aliacha kiti ili agombee uanasheria mkuu wa jimbo. Miongoni mwa waliokimezea mate alikuwepo mama aliyewahi kuwa spika wa bunge la jimbo. Aliyeshinda ni Ilhan Omar, mtoto wa wakimbizi wa Somalia aliyeishi kambini Kenya miaka kama minne kabla ya kuletwa Marekani. Alipata asilimia 48 mwezi Agosti. Sisi tunaotoka Nairobi tulilisoma jina lile kwenye karatasi ya kura na macho yakatulowa, hata wale ambao hatukubaliani naye kwa mambo fulani.

Halafu ikaja siku ile ya simu ya shangazi. Omar alikabiliwa na Don Samuels, aliyewahi kuwa diwani wa jiji, mzaliwa wa Jamaica. Mhamiaji kwa mhamiaji, na mji ulikuwa bado una kidonda cha kuuawa kwa George Floyd na ubishi mkali kuhusu polisi. Omar alipona kwa asilimia 50.3 dhidi ya 48.2, pengo la kura kama 2,500 katika kura zaidi ya 110,000. Novemba alipata asilimia 74 bila jasho. Niambie basi, uchaguzi ulikuwa upi? Samuels alirudi 2024 akashindwa kwa pengo kubwa zaidi, na nafasi ya kujaribu aliipata mara zote mbili.

Nieleze ninachokiona kwa macho, kwa sababu hapo ndipo ilipo siri. Mchujo unasimamiwa na serikali, kwa fedha za walipa kodi, na makarani na mashine zilezile za Novemba. Huulizwi kadi ya chama. Unapewa karatasi yenye safu za vyama, unachagua safu moja, unakoleza viduara. Ukiwa hujajiandikisha, unajiandikisha palepale, utaratibu uliopo Minnesota tangu miaka ya sabini.

Siku ile jirani yangu, mama wa Kikongo kutoka Bukavu aliyepata uraia karibuni, alikuwa amehamia jengo letu mwezi huohuo, na kitambulisho chake kilikuwa na anwani ya zamani. Nikadhani atarudishwa. Karani akauliza kama kuna mpiga kura wa kituo hicho anayeweza kuapa kwamba mama huyu anaishi mtaani. Nikainua mkono, nikatia sahihi. Sheria inamruhusu mtu mmoja kuwadhamini hadi wanane. Mama akakaa, akakikoleza kiduara chake polepole, kama anayempaka bi harusi hina, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ni hivi tu?"

Ni hivi tu. Na sisi tuna historia isiyostahili udogo tunaofanyiwa. Kamukunji, eneobunge letu la huko Majengo, imetokana na Nairobi ya Kati, eneobunge alilochaguliwa Tom Mboya 1963. Kwenye uwanja wake watu walipigwa Saba Saba 1990 wakidai vyama vingi, miaka miwili baada ya mlolongo wa 1988, mchujo wa kupanga foleni nyuma ya mgombea, ambapo mwenye asilimia 70 ya foleni alipita bila kupingwa. Yusuf Hassan, Mkenya Msomali, alishinda hapa katika uchaguzi mdogo wa 2011, akajeruhiwa na guruneti Eastleigh 2012, na bado amerudishwa bungeni kila mara, ikiwemo tarehe ileile 9 Agosti 2022. Kamukunji ilitangulia Minneapolis kwa miaka saba kumtuma Msomali bungeni.

Wala sisemi Marekani inatushinda kwa kila kitu. Siku ya uchaguzi mkuu kwetu ni mapumziko, hapa watu hukimbilia vituoni kabla ya zamu. Na mwaka 2022 fomu 34A, za matokeo ya kura ya urais ya kila kituo, ziliwekwa mtandaoni, yeyote akazisoma nyumbani kwake.

Ila sheria yetu inaiacha IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, isimamie mchujo pale tu chama kinapoomba, na marekebisho ya 2022 yakaruhusu wajumbe wachague kwa niaba ya wanachama. Hilo nalipinga kwa moyo wangu wote. Mchujo wa kila chama ufanywe na IEBC, siku moja, kwa daftari lilelile la wapiga kura. Tukiwa na pesa ya kununua vifaa vya kuwatambua wapiga kura Agosti, tunayo ya kufungua shule zilezile Aprili.

Mimi huku sipigi kura ya ubunge wa Kamukunji. Diaspora tunapewa ya rais peke yake. Mwaka 2027 atakayepiga ni shangazi. Kitambulisho anacho, chupa ya chai anayo, na jina lake kwenye daftari la IEBC halijawahi kukosekana.