Taka za Viwanda Katika Kutibu Maji Tindikali ya Migodi: pH Peke Yake Haitoshi

Wazo la kutibu maji tindikali ya migodini kwa taka za viwanda si geni. Taka zinazotajwa zaidi ni mavi ya chuma yanayotoka kwenye matanuri ya kuyeyushia chuma, majivu ya makaa ya mawe ya mitambo ya umeme, na tope jekundu linalobaki bauksiti inapochenjuliwa ili kupata alumina. Wanaolitetea wazo hili husema kwamba taka moja inaimaliza nyingine na pande zote mbili zinapata nafuu. Hoja yao ina nguvu kuliko wapinzani wanavyokubali, ila mara nyingi huthibitishwa kwa kipimo kimoja tu, yaani pH ya maji (namba ndogo ni asidi kali, 7 ni katikati, kubwa ni alkali) siku yanapotoka kwenye mtambo, na hapo ndipo ninapoona kasoro.

Mwamba wenye pairiti, ambayo ni chuma kilichoungana na salfa, ukifukuliwa na kukutana na hewa na maji huzalisha asidi ya salfuriki, na bakteria kama Acidithiobacillus ferrooxidans huharakisha kazi hiyo mara nyingi sana. Asidi nayo huyeyusha shaba, zinki, kadimi na alumini kutoka kwenye miamba. Katika mgodi wa Iron Mountain, California, ilipimwa pH ya hasi 3.6, na karibu na Krugersdorp, Afrika Kusini, maji ya namna hii yalianza kufurika mwaka 2002 kutoka kwenye migodi ya dhahabu iliyokwisha kuachwa. Mgodi hufungwa na mapato hukoma, lakini maji huweza kuendelea kutoka kwa karne nyingi, na kwa sababu hiyo bei ya dawa ya kuyatibu si jambo dogo.

Dawa iliyozoeleka ni chokaa. Kila tani moja ya chokaa inayopatikana kwa kuchoma mawe hutoa takribani kilo 785 za hewa ya ukaa kutoka kwenye mawe yenyewe, kabla ya kuhesabu moshi wa kuni au makaa ya tanuri. Mawe ya chokaa yasiyochomwa hayana gharama hiyo, lakini hufunikwa upesi na gamba la kutu ya chuma, na hayapandishi pH kiasi cha kuondoa manganizi. Mavi ya chuma yamekwisha kupita motoni, na kwa kawaida asilimia 30 hadi 50 ya uzito wake ni oksidi ya kalisi, yaani kemikali ileile ya chokaa iliyochomwa, kwa hiyo maji yakipitishwa humo hubeba uwezo wa kuua asidi mkubwa kuliko yale yaliyopita kwenye mawe ya chokaa. Faida nyingine, ambayo haitajwi mara nyingi, ni ya salfeti, chumvi ya salfa inayobaki majini. Chokaa peke yake huitoa kama jasi na kuacha takribani miligramu 1,500 hadi 2,000 kwa lita, wakati majivu yenye kalisi na alumini ya kutosha yanaweza kuishusha zaidi kwa kuifunga ndani ya etringaiti, fuwele ya kalisi, alumini na salfeti.

Lakini etringaiti hudumu tu pale pH inapokuwa juu sana, na hilo linatufikisha kwenye pingamizi zito kuliko yote. Zinki, kadimi na shaba huganda pH inapopanda, ila aseniki, seleni, molibdeni na vanadi, ambazo zimo kwa viwango tofauti ndani ya taka hizi, aghalabu huachiliwa katika maji yenye alkali nyingi. Mtambo unaweza kusifiwa kwa kukamata zinki huku ukiongeza seleni ambayo mgodi haukuwa nayo. Hata alumini, iliyokwisha kuganda, huanza kuyeyuka tena pH ikivuka 9 hivi. Kwa haki ya upande wa pili, ni lazima kusema kwamba maji ya mgodi yenye chuma kingi hujisaidia yenyewe, kwa maana kutu inayotuama humo hushika aseniki vizuri sana, mradi pH isimamishwe karibu na 7. Matokeo yanategemea maji gani yamekutana na taka gani, na yamesimamishwa kwenye pH ipi.

Majivu hayafanani: mengine yana oksidi ya kalisi chini ya asilimia 10, mengine zaidi ya 20, na yale ya kwanza yana nguvu ndogo mno kulipia safari ndefu ya malori. Tope jekundu nalo lina mzigo wake. Bwawa la tope hilo lilipopasuka Ajka, Hungaria, mwezi Oktoba 2010, watu 10 walipoteza maisha, na tangu hapo watetezi husema ni afadhali litumike kuliko kurundikwa. Ni kweli, lakini uwezo wake wa kuua asidi kwa kila tani ni mdogo kuliko wa chokaa, hivyo mgodi unaolitumia hubaki na rundo kubwa zaidi la kulinda.

Kwa maoni yangu, mpangilio unaostahili kupewa nafasi kwanza ni ule uliojaribiwa katika maeneo ya Appalachia, Marekani, ambako maji safi hupitishwa kwenye kitanda cha mavi ya chuma, yakachukua alkali, kisha ndipo yakachanganywa na maji ya mgodi. Mavi hayaguswi na asidi, na metali za mgodi hazigandi juu yake. Kitanda huziba polepole kwa kabonati kinapokutana na hewa, lakini kuziba ni tatizo la kawaida la matengenezo, tofauti na sumu inayotoka bila kuonekana. Majivu yaruhusiwe kwa kila shehena iliyopimwa peke yake, na tope jekundu pale tu linapopatikana jirani na mgodi. Kibali chochote kitaje pia mashapo yanayobaki ni mali ya nani baada ya mgodi kufungwa, na yapimwe katika maji yenye asidi na yenye alkali vilevile, kwa kuwa hakuna anayeweza kuahidi ni maji yapi yatayafikia baada ya miaka 50.