Balozi Mwanafunzi Asiyejua Bei ya Pasipoti

Lile tangazo linazunguka tena kwenye makundi ya WhatsApp: ufadhili wa wanafunzi mabalozi, idara ya masomo ya kimataifa, chuo cha nje. Sifa ni ujasiri, Kiingereza fasaha na "moyo wa uongozi". Kazi ni kupita madarasani, kukaa kwenye meza ya maonesho na kujibu maswali ya wanaotaka kuomba, kwa posho ya muhula. Sawa. Ila chini kabisa, kwa herufi za sisimizi: jaza namba ya pasipoti.

Hapo ndipo Kigoma tunapoachwa na treni.

Pasipoti ni shilingi 150,000, na hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Fomu unaijaza mtandaoni, unalipia, unaichapa na kuipeleka Uhamiaji pamoja na kitambulisho cha taifa cha NIDA, cheti chako cha kuzaliwa na cha mzazi. Sasa mtoto wa Buhigwe ambaye mama yake alizaliwa nyumbani, hakuandikishwa popote, hicho cha mzazi akitoe wapi? Ataenda kwa wakili kuapa. Na kwa kuwa tuko mpakani, kiapo hakimalizi maneno: babu alizaliwa kijiji gani, nani anamfahamu, barua ya mtendaji iko wapi. Haya, mpaka lazima ulindwe, nakubali shingo upande. Lakini tarehe ya mwisho ya maombi haimngoji mtendaji arudi shamba.

Halafu majina. Majina ya Kiha, lugha yetu ya Kigoma, kila karani huyaandika alivyoyasikia: cheti cha kuzaliwa Ndabhona, cha kidato cha nne Ndabona, NIDA Ndabhona. Herufi moja, faili limekwama. Dawa ni kuanzia cheti cha kidato cha nne, maana ndicho kigumu kuliko vyote kukigusa. Vingine virekebishwe vikifuate, na ufanye hivyo mapema, si wiki ya kuomba.

Hayo ndiyo balozi angetufundisha. Badala yake anatua na fulana yenye nembo, anatuhimiza tuwe na ndoto kubwa. Ndoto tunazo, ndugu yangu! Tatizo ni cheti cha mama.

Na hicho Kiingereza fasaha? Kijana wa huku anaongea Kiha na kuelewana na Mrundi bila mkalimani. Mji una ubalozi mdogo wa Burundi na wa Kongo, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ipo tangu 1996. Masomo ya kimataifa gani tena mnayatafuta?

Wenye ufadhili, hatua ya kwanza ombeni namba ya NIDA tu. Pasipoti aitafute akishachaguliwa, na mpeni barua ya mwaliko mapema, iliyopigwa muhuri na yenye jina lake kama lilivyo kwenye vyeti, maana Uhamiaji wataulizia sababu ya safari. Na balozi mtakayemleta apite Kibondo na Kakonko, asiishie ukumbi wa hoteli hapa mjini.