Hapana ya Jumuiya na anayeilipia

Mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya, EPA kama wengi wanavyouita, ulianza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Tangu hapo, kila mambo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yanapozungumzwa, hasa upande wa kusini wa Namanga, hurudi neno lilelile: Kenya imetusaliti.

Hoja hiyo haikutoka hewani. Umoja wa forodha wa Jumuiya ulianza kazi mwaka 2005. Ibara ya 123 ya Mkataba wa Jumuiya inataka nchi wanachama ziwe na sera za pamoja za mambo ya nje na usalama. Mazungumzo na Brussels yaliendeshwa kwa pamoja hadi maandishi yakakamilika Oktoba 2014. Leo yupo mwanachama mmoja mwenye mkataba wake, na saba hawana. Hata hivyo naona neno usaliti linaficha kitu muhimu kuliko linavyofichua. Lafichua hasira, lakini halituambii kwa nini msimamo wa pamoja ulikuwa rahisi kuushika Dodoma na mgumu kuushika Nairobi.

Sababu iko kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni zaidi. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zimo. Kenya haimo. Aliyemo kwenye orodha huuza Ulaya bila ushuru wala kikomo chini ya mpango wa Kila Kitu Isipokuwa Silaha, awe na mkataba au asiwe nao. Kwa hiyo mkataba ulipokwama, nchi nne hazikupoteza hata senti kwenye forodha ya Ulaya. Kenya ilipoteza. Kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 25 Desemba 2014 baadhi ya bidhaa zake zilitozwa ushuru, na maua yalitozwa kati ya asilimia 5 na 8.5.

Asilimia 8.5 husikika ndogo hadi uifuate njia ya waridi. Ua hukatwa Naivasha, hupozwa, hupangwa kwa urefu wa shina, hufungwa, hupelekwa kwa lori la baridi hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta na kurushwa Ulaya. Linaloishia mnadani Aalsmeer, Uholanzi, bei yake haipangwi na mkulima. Saa ya mnada huanza juu na kushuka mpaka mnunuzi mmoja aisimamishe. Kwenye bei hiyo hukatwa nauli ya ndege, ada ya mnada, gharama za kushusha mzigo na za ukaguzi, na kinachobaki ndicho cha shamba. Ushuru ukija, shamba halina pa kuusukumia. Mnunuzi hawezi kuombwa aongeze, kwa sababu pembeni kuna waridi la Ethiopia, nchi iliyomo kwenye ile orodha, ambalo halitozwi chochote. Asilimia hizo zinakatwa kwenye bei nzima ya mauzo, si kwenye faida, na shamba lenye faida finyu linaweza kumalizwa nazo. Waridi halisubiri kikao kijacho cha Arusha. Wiki tatu ni nyingi kwake.

Hivyo mwaka 2016, tarehe ya mwisho ilipokaribia tena, Kenya na Rwanda zilitia saini tarehe 1 Septemba. Tanzania ilikataa, Uganda na Burundi hazikusaini, na mkataba wa pamoja ulihitaji saini zote ndipo ufanye kazi. Februari 2021 Wakuu wa Nchi waliruhusu anayetaka kuendelea aendelee, kwa kutumia kanuni iliyomo katika Mkataba wa Jumuiya ya kila nchi kwenda kwa mwendo wake. Kenya ikazungumza peke yake na kutia saini tarehe 18 Desemba 2023. Anayetaka kuita huo usaliti sharti aeleze pia ile ruhusa, na aeleze ni nani kati ya wanachama aliyewahi kuiambia Kenya: subiri, hasara yako tutagawana.

Sasa upande wa pili, kwa haki yake. Tanzania haikukataa kwa ukaidi. Rais mstaafu Benjamin Mkapa aliupinga mkataba hadharani, na Novemba 2016 Bunge likaishauri Serikali isiusaini. Hoja zilikuwa nzito. Kwanza, nchi ambayo tayari inaingia Ulaya bila ushuru inapewa nini kipya cha kuifanya ifungue soko lake? Pili, kipo kifungu kinachosema kwamba Jumuiya ikimpa nafuu kubwa zaidi mfanyabiashara mwingine mkubwa, yaani nchi yoyote iliyoendelea au yenye zaidi ya asilimia 1 ya mauzo ya bidhaa duniani, Ulaya nayo iweze kuidai nafuu hiyohiyo. China na India ziko juu ya kipimo hicho. Kwa eneo linalotaka kuzungumza na Beijing, New Delhi na Ghuba kwa uhuru, kila mmoja kwa bei yake, kifungu hiki kinauma kuliko vyote, na nadhani wapinzani wa mkataba walikuwa sahihi kabisa kukishikilia.

Tatu ni tozo ya bidhaa ghafi zinazouzwa nje ya nchi. Tanzania hutoza korosho ghafi asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani, yoyote iliyo kubwa, ili kubangua ndani kuwe na maana. Mkataba hauzuii tozo za namna hiyo moja kwa moja, ila tozo mpya inawekwa kwa masharti na kwa muda. Nne, mwaka huohuo Waingereza walipiga kura kujitoa Umoja wa Ulaya, na Ulaya ilikuwa imeiwekea Burundi vikwazo. Kusaini na soko ambalo mwenyewe hajui litabaki na nani, tena linalomwadhibu jirani yako, si jambo dogo.

Ila hoja moja ya upande huo imerudiwa kupita uzito wake: namba 82.6. Ndiyo asilimia ya bidhaa za Ulaya ambazo Jumuiya ingeziondolea ushuru chini ya mkataba wa 2014, na ilisemwa kana kwamba mlango ungefunguliwa wote asubuhi moja. Ukiifungua namba hiyo, asilimia 65.4 ni bidhaa ambazo Ushuru wa Pamoja wa Jumuiya tayari ulikuwa umeziweka kwenye sifuri, zitoke Ulaya, Japani au Brazil, nyingi zikiwa mashine, dawa na malighafi za viwanda. Kinachobaki ni asilimia 17.2. Kati ya hizo, 14.6 zingepunguziwa ushuru kidogo kidogo hadi mwaka wa 15, na 2.6 hadi mwaka wa 25. Asilimia 17.4 zisingeguswa kabisa, zikiwemo bidhaa nyingi za kilimo ambazo wakulima waliziogopea. Kwa hiyo mjadala halisi ulihusu asilimia 17.2. Mapato yanayopotea hapo ni ya kweli, na viwanda vinavyotishwa ni vya kweli, lakini ni mjadala unaoweza kufanywa mstari kwa mstari: bidhaa hii itoke, ile ibaki, hii icheleweshwe miaka mitano zaidi. Kwa kulikuza tishio tulijinyima mazungumzo hayo, na Kenya ikaenda kuyafanya peke yake.

Gharama ya kwenda peke yake itaonekana mpakani. Ushuru wa Kenya kwa bidhaa fulani ya Ulaya ukishuka wakati wa jirani umebaki asilimia 25 au 35, mzigo ulioingia Mombasa kwa bei nafuu utatafuta njia ya Holili, Namanga au Malaba. Kisheria bidhaa hiyo si ya Jumuiya na inapovuka inapaswa kulipiwa. Kiutendaji, ofisa wa forodha atalazimika kukagua cheti cha asili cha kila shehena, hata ya kiwanda halali cha Nairobi kilichotumia malighafi ya Ulaya, na foleni ya malori itarefuka kwa wote. Wanaoilaumu Kenya wana haki ya kuuliza hili, na Nairobi haijalijibu kwa kina kinachotosha.

Anayedhani tatizo ni tabia ya Kenya aangalie mitumba. Mwaka 2016 Wakuu wa Nchi walikubaliana kuziondoa nguo zilizovaliwa ndani ya miaka mitatu. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo. Kwa belo la kilo 45, ushuru huo uliruka kutoka dola 9 hadi dola 112.50. Mwaka 2017 wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani walipeleka malalamiko, na Washington ikatishia kuziondoa nchi hizi kwenye AGOA, mpango wa Marekani wa kuruhusu bidhaa za Afrika ziingie bila ushuru. Kenya, iliyokuwa ikiuza Marekani nguo za zaidi ya dola milioni 300 kwa mwaka, ilirudi nyuma mapema. Tanzania na Uganda zilifuata. Rwanda ikabaki peke yake, na tarehe 30 Julai 2018 nguo zake zikasimamishwa kuingia Marekani bila ushuru.

Hapa Tanzania nayo ililegea, na hakuna aliyeiita msaliti. Aliyesimama imara ndiye aliyekuwa na kidogo cha kupoteza: mauzo ya nguo za Rwanda chini ya AGOA yalikuwa madogo sana ukilinganisha na ya Kenya. Kwenye EPA waliosimama imara ni wale ambao kukataa hakukuwagharimu kitu. Mara zote mbili msimamo ulivunjikia pale penye gharama kubwa, na mara zote mbili hapakuwa na utaratibu wowote wa kuigawana.

Kwenye siasa pana hali ni hiyohiyo. Machi 2022, Umoja wa Mataifa ulipopiga kura kuhusu uvamizi wa Urusi nchini Ukraine, kati ya nchi nane zilizo wanachama leo, nne ziliunga mkono azimio na nne hazikuegemea upande.

Kusini mwa Afrika wamelipitia hili. Afrika Kusini ilisaini na Ulaya peke yake mwaka 1999, na Botswana, Lesotho, Namibia na Eswatini zilizo nayo katika umoja wa forodha wa SACU zikajikuta zinaishi na viwango ambavyo hazikuvijadili. Mkataba wa SACU wa 2002 ukaweka sharti kwamba hakuna mwanachama atakayeingia mkataba mpya wa upendeleo bila ridhaa ya wenzake. Lakini sharti hilo limekaa juu ya mfuko wa pamoja wa mapato ya forodha, ambao fomula yake huwapa wadogo fungu kubwa. Juni 2016, mjini Kasane, walisaini EPA wakiwa pamoja. Jumuiya yetu inataka ridhaa bila mfuko. Watasema fedha hazipo, na ni kweli Sekretarieti ya Arusha imeteseka miaka mingi kwa michango inayochelewa. Ila fidia ya miezi mitatu ya ushuru wa maua ni hesabu inayokokotoleka, na ilistahili kuwekwa mezani mwaka 2014 kabla ya mtu yeyote kuombwa kuvumilia.

Muda wa kulijaribu hilo si mrefu. China imetangaza kuondoa ushuru kwa nchi 53 za Afrika, Marekani Aprili 2025 ilianza kutoza ushuru kwa mahesabu yake, na Kenya imesaini mkataba na Falme za Kiarabu. Tena kwenye mapitio ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024, Tanzania, Uganda na Rwanda zilifikia kwa mara ya kwanza vigezo vya kutoka kwenye orodha ya nchi duni. Zikivifikia tena mwaka 2027, saa ya kutoka itaanza kuhesabiwa, na baada ya kutoka Ulaya hutoa miaka mitatu tu ya nafasi. Kahawa ghafi haitapata shida, kwa sababu Ulaya haiitozi ushuru hata ikitoka kwa asiye na mkataba. Watakaoanza kupiga hesabu za Naivasha ya 2014 ni wachakataji wa minofu ya sangara wa Mwanza na wakulima wa maua wa Entebbe na Arusha.