Pesa Tunayotuma Nyumbani na Maandiko Yanayoihusu

Nimekaa ughaibuni muda mrefu, na lawama za pande zote mbili nimezisikia. Walio nyumbani wanasema sisi tuliotoka tumepoa: hatufungi, hatukeshi, Jumapili tuko kazini. Sisi nasi tukikutana huku tunawasema wao, kwamba kwa kusali hawajambo, ila simu zao zote zinaishia kwenye pesa. Kwa maoni yangu ugomvi huu unapita pembeni ya jambo lenyewe. Imani ya aliyehama na imani ya ndugu yake aliyebaki hukutana kila mwezi mahali pamoja, kwenye pesa inayotumwa. Hapo ndipo Biblia ingetusaidia sana, na hapo ndipo wengi wetu tunapoifunga, tukaendelea kwa aibu na kwa maneno ya kupoozana.

Agano Jipya lina habari nyingi za pesa za kutumwa mbali kuliko tunavyohubiriwa. Katika Matendo ya Mitume sura ya 11, nabii Agabo anatabiri njaa, ambayo ilikuja kutokea enzi za Kaisari Klaudio. Wanafunzi wa Antiokia wanaazimu kila mmoja atoe kwa kadiri ya uwezo wake, na msaada upelekwe kwa ndugu wa Uyahudi kwa mikono ya Barnaba na Sauli, ambaye ndiye Paulo. Baadaye Paulo anasimamia mchango mwingine, wa makanisa ya Makedonia na Akaya, kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Habari hiyo imejaza sura mbili nzima za Waraka wa Pili kwa Wakorintho, ya 8 na ya 9. Imetajwa mwishoni mwa Waraka wa Kwanza, na imerudiwa katika Warumi 15. Zisome sura hizo siku unayotoka kutuma pesa, risiti ikiwa bado mfukoni, uone zinavyokusemesha.

Wakorintho waliagizwa kuweka akiba siku ya kwanza ya kila juma, kila mtu kwa kadiri ya kufanikiwa kwake, ili Paulo asije akafika ndipo michango ianze kutafutwa. Yaani kiasi kilitokana na kipato, na kilitengwa mapema. Kwetu sisi anayepiga simu ndiye anayetaja tarakimu, na anayepokea simu ndiye anayehangaika itoke wapi. Kisha ipo 2 Wakorintho 8:12, mstari ambao ningependa kila aliyehama aukariri: nia ikiwepo, mtu anakubaliwa kwa kile alicho nacho, hahesabiwi kwa kile asicho nacho. Mara baada ya hapo Paulo anasema hataki wengine wapate nafuu huku wao wakilemewa. Nikiutaja mstari huo watu hunijibu kwa habari ya Wamakedonia, waliotoa katika umaskini wao hata kupita uwezo wao. Ni kweli walitoa hivyo. Lakini andiko hilohilo linasema walitoa kwa hiari yao wenyewe, tena wao ndio waliomsihi Paulo awaruhusu washiriki. Hakuna aliyewashurutisha, wala hakuna aliyewaambia kwamba wasipotoa wamewasahau ndugu zao.

Nina dada mmoja katika imani anayetunza wazee, zamu ya usiku. Wakati wa mapumziko huketi kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akavua viatu, akafungua simu. Kuna ujumbe wa sauti kuhusu ada, mwingine kuhusu paa, mwingine wa mtu aliyepewa namba yake na shangazi. Mwezi huo kodi ya nyumba hajalipa. Anaandika neno moja, "nitajitahidi," anaulaza uso wa simu juu ya paja na kufumba macho mpaka kengele ya mgonjwa ilie. Kesho yake aliyeko nyumbani anamwambia mwalimu mkuu kwamba pesa iko njiani. Wiki ya tatu mwalimu hamwamini tena, na ndugu huyo wa nyumbani anaanza kusema kwamba dada amebadilika. Dada anakopa ili asionekane amebadilika.

Hilo "nitajitahidi" linanisumbua kuliko umaskini wenyewe. Bwana Yesu alisema ndiyo yetu iwe ndiyo, na siyo yetu iwe siyo, na sisi tumeligeuza neno hilo kuwa la mahakamani na kwenye viapo vikubwa, ilhali alilisema kwa ajili ya mazungumzo ya kawaida kama haya. Kumwambia ndugu "mwezi huu sina" ni utii. Kumwambia "nitajitahidi" huku ukijua huna kitu ni kumtuma akaahidi kwa jina lako.

Na uongo hauanzii kwenye simu. Unaanzia kwenye picha tunazotuma. Tunapiga picha mbele ya gari la mwajiri, kwenye ukumbi wa hoteli tunayoisafisha, halafu tunashangaa kuombwa kama matajiri. Anania na Safira katika Matendo 5 hawakuhukumiwa kwa kutotoa kila kitu. Petro alimwambia Anania wazi kwamba shamba lilikuwa lao kabla ya kuuzwa, na hata baada ya kuuzwa bei yake ilikuwa mikononi mwao. Kosa lao lilikuwa kusema uongo juu ya kiasi. Kuna waliohama wanaotangaza kiasi wasichonacho, na kuna wanaoficha walichonacho wakiwaacha wazazi wao wenyewe wataabike. Yesu aliwakemea vikali waliosema "ni Korbani," kwamba mali yao imewekwa wakfu kwa Mungu, ili wasimsaidie baba wala mama (Marko 7). Kwa hiyo asitokee mtu akaufanya mstari wa Wakorintho kuwa mlango wa kutorokea. Na anayetoa zaka kanisani kwake huku mama yake akilala bila dawa, aisome Marko 7 polepole.

Sasa niwageukie ndugu zangu wa nyumbani, kwa heshima. Paulo alipokuwa akipeleka ule mchango, alihakikisha hausafiri naye peke yake. Alituma pamoja na Tito ndugu mwingine aliyesifiwa katika makanisa yote, na akaeleza sababu: mtu asije akawalaumu kwa habari ya fedha hizo, kwa maana walitaka mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Mtume alikubali kuangaliwa hesabu zake! Huku kwetu aliyetuma akiuliza mabati yamefika mangapi, anaambiwa haamini watu, maisha ya ugenini yamemharibu. Na hapohapo ndipo undugu mwingi unapovunjikia: mtu ametuma miaka, akifika anakuta msingi na majani. Sipendi kuona hilo likifunikwa kwa maneno ya kiroho, "samehe tu, ni ndugu yako." Kusamehe ni amri, na kupewa hesabu ni haki ya aliyewakabidhi watu jasho lake.

Yeremia alinunua shamba la Anathothi kutoka kwa binamu yake Hanameli, Yeremia mwenyewe akiwa amefungwa katika uwanda wa walinzi na Yerusalemu imezingirwa na jeshi la Babeli. Walikuwa damu moja. Hata hivyo, sura ya 32 inaonyesha fedha ikipimwa kwenye mizani, shekeli 17, hati ikiandikwa na kutiwa muhuri, mashahidi wakiitwa, na nakala mbili zikikabidhiwa kwa Baruku azitie katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Hanameli haelezwi kuwa alikasirika. Tukifanya hivyo kila tunaponunua kiwanja kupitia ndugu, hatutakuwa tumeonyesha mashaka juu ya mtu, tutakuwa tumefanya kama nabii.

Na mpokeaji ana neno lake la kusema. Wafilipi walipomtumia Paulo msaada kwa mkono wa Epafrodito, aliwaandikia kwamba umefika, na kwamba amejaa tele. Hakuongeza hitaji jipya mwishoni mwa barua. Ndugu, hamjui kinachotokea moyoni mwa mtu wa zamu ya usiku akipokea ujumbe unaosema "imefika, imetosha, wewe umelala saa ngapi?"

Tofauti kubwa ninayoiona kati ya huku na nyumbani iko katika Wagalatia 6. Mstari wa 2 unasema tuchukuliane mizigo, na mstari wa 5 unasema kila mtu atachukua furushi lake mwenyewe. Nyumbani tumelelewa na mstari wa 2. Ukiugua, mlango hauchelewi kubishwa. Hitaji lako linaonekana kabla hujalisema. Huku watu wanaishi mstari wa 5. Unaweza kulala na homa siku nzima na jirani wa ukuta mmoja asijue, na akijua ataona ni adabu kutokuuliza. Nyumbani nimeona watu wazima wenye nguvu wakikaa wakisubiri wa nje, na Paulo, aliyefanya kazi usiku na mchana asimlemee mtu, aliwaandikia Wathesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi, chakula na asile. Lakini sisi tuliozoea huku tumeanza kuuona kila mzigo wa mwenzetu kama uvamizi. Mimi ningechagua kasoro za nyumbani kuliko upweke wa huku, nasema kwa moyo wote, ila nisingependa kulazimika kuchagua, kwa sababu mtume aliandika yote mawili katika sura moja.

Kuhusu Jumapili, nitasema kwa ufupi. Priskila na mumewe Akila walifukuzwa kutoka Rumi kwa amri ya Klaudio, wakaishi Korintho wakishona mahema, kisha Efeso, kisha wanasalimiwa tena Rumi. Efeso na Rumi kanisa lilikutana nyumbani mwao. Aliyenyimwa Jumapili na mwajiri asikae bila ushirika. Awatafute wawili watatu wenye zamu kama yake, wasome na kuomba Jumanne saa tano usiku kama ndio muda uliopo. Na aliyeko nyumbani asimhesabie huyo kuwa amerudi nyuma.

Linalobaki ni swali ninaloulizwa kuliko mengine: mzazi anaumwa, pesa hakuna, nikope? Mithali 22:7 inasema anayekopa ni mtumwa wa anayemkopesha, na nimeona utumwa huo kwa macho, wa kadi za mkopo na riba juu ya riba. Lakini kabla ya kufika kwenye mkopo kuna 1 Timotheo 5:4, inayosema mjane akiwa na watoto au wajukuu, hao wajifunze kwanza kuwalipa wazazi wao. Wametajwa kwa wingi. Andiko halikumtaja mmoja aliyepanda ndege. Basi watoto wote wakutane kwenye simu moja, wa huku na wa nyumbani, gharama isomwe jinsi hospitali ilivyoiandika, na kila mmoja ataje anachoweza. Asiye na pesa aseme ana siku ngapi za kumsindikiza mama na kukaa naye kwenye foleni, na siku hizo ziandikwe kwenye daftari lilelile, pamoja na pesa, kama mchango kamili.