Kontena linalobembea Kilindini: tufuate Newton au Lagrange?

Kreni ya bandarini Kilindini inapotoa kontena melini, troli hukimbia juu na mzigo hubembea chini yake. Mwendo huo unaweza kuandikwa kwa njia mbili. Newton huchora kani moja moja. Lagrange, mwanahisabati, katika kitabu chake cha 1788, huanzia kwenye nishati: nishati mwendo T ukitoa nishati uwezo V. Ukijumlisha T − V kwa muda wote wa safari unapata aksheni, na mwendo wa kweli ni ule ambao ukiupinda kidogo tu, aksheni karibu haisogei.

Kwa kuandika milinganyo, Lagrange ananishawishi. Vinavyobadilika ni viwili tu, nafasi ya troli x na pembe ya waya θ. Troli ikiwa na tungamo M, kontena m na waya urefu l (nukta moja juu ya herufi ni kasi, mbili ni mchapuko, na g ni mchapuko wa uvutano wa dunia):

T = ½(M+m)ẋ² + mlẋθ̇ cosθ + ½ml²θ̇²
V = −mgl cosθ

Mlinganyo wa θ unatoka mara moja: lθ̈ + ẍ cosθ + g sinθ = 0. Waya wa mita 20, troli ikiwa imesimama, hubembea kwenda na kurudi kwa sekunde 9 hivi. Wengi hukosea kwa kupima kasi ya kontena kutoka kwenye troli badala ya gatini. Kipande cha mlẋθ̇ cosθ hupotea, na hesabu inadai kwamba troli ikitolewa kwa nguvu mzigo utatulia tuli. Hakuna mwendesha kreni atakayekubali hilo.

Tatizo ni kwamba mvutano wa waya haumo popote katika milinganyo hiyo, na waya ndio unaokatika. Newton anautoa waziwazi, troli ikiwa imesimama: mg cosθ + mlθ̇². Kontena la tani 30 likitulia huvuta kilonyutoni 294. Likibembea kutoka pembe ya nyuzi 20, linapopita chini kabisa huvuta 330, yaani asilimia 12 zaidi. Lagrange naye anaweza kuupata, kwa kuuacha urefu wa waya uwe huru kisha kuufunga kwa kizidishi λ, kigeu cha ziada kinacholazimisha urefu usibadilike, lakini hapo tumeshairudia kani yenyewe. Upepo wa kusi nao hautoki ndani ya V: msukumo F wa mlalo huongezwa kwa mkono, F kwenye mlinganyo wa x na Fl cosθ kwenye ule wa θ, kabla ya kuugawa kwa ml.

Jina la "aksheni ndogo kabisa", ambalo kanuni hii ya aksheni hupewa, ningeliacha. Kwa kontena letu, mwendo ukizidi nusu ya mbembeo, sekunde 4.5 hivi, aksheni ya njia ya kweli si ndogo kuliko zote. Zipo njia jirani zenye aksheni pungufu. Maupertuis, mwanasayansi Mfaransa wa miaka ya 1740, aliona katika udogo huo hekima ya Muumba. Wengine husema kontena linajua mapema litakakofikia. Silioni hilo katika hesabu. Ncha mbili za safari tunazifunga sisi ili tulinganishe njia. Mlinganyo wa θ unahitaji pembe na kasi ya sasa hivi, na mchapuko wa troli.