Mshiriki wa tatu yuko kwenye kochi

Mwaka 2010 kipindi cha mafumbo cha Uingereza kiitwacho Only Connect kilifungua msimu wake wa nne kwa tangazo la kuchekesha. Katika misimu mitatu ya mwanzo maswali yalikuwa yamefichwa nyuma ya herufi za Kigiriki: timu inachagua alfa, beta au gama, ndipo swali linafunguka. Mtangazaji wake, Victoria Coren Mitchell, akaeleza kwamba kuna watazamaji waliolalamika: huko ni kujifanya wasomi. Basi herufi za Kigiriki zimeondolewa. Mahali pake zimewekwa hieroglifu za Misri ya kale: simba, nyoka mwenye pembe, mawimbi ya maji, jicho la Horus.

Kama jibu la malalamiko, hilo ni la kibabe. Ulisema huwezi kusoma hiki, haya, chukua kile ambacho hata jirani yako profesa hawezi kukisoma. Hieroglifu hizo zikabaki, na leo mashabiki wakitaja "nyoka mwenye pembe" wanacheka kama watu wa ukoo mmoja.

Kisa hicho kinanirudia kila kinapoanza kipindi kipya cha maneno kwenye televisheni, mahali popote. Kabla hata ya mapumziko ya kwanza ya matangazo, hukumu zimeshatoka: kigumu mno, chepesi mno, mtangazaji anajisikia, muziki unapiga kelele, wameiba kwa kile cha zamani. Kipindi kilekile, usiku uleule, kinaambiwa kigumu mno na chepesi mno. Mwenye kituo afanyeje? Wapo wanaomshauri azibe masikio kwa wiki kadhaa, na wapo wanaomwambia kwamba mtazamaji ndiye mwenye mali. Wote wana hoja, ila sidhani kama wanabishania jambo moja.

Wa kuziba masikio wana ushahidi mzuri. Tarehe 2 Novemba 1982 Channel 4 ilipoanza kurusha matangazo Uingereza, kipindi chake cha kwanza kabisa kilikuwa Countdown, na wazo lake lilitoka Ufaransa, ambako mchezo wa namna hiyo ulikuwa hewani tangu 1965. Ukikieleza kwa mtu asiyewahi kukiona utadhani unamtania. Watu wawili wamekaa mezani, mmoja anaomba irabu au konsonanti mpaka zifike herufi tisa, saa kubwa ya ukutani inazunguka sekunde 30, wote wako kimya wanaandika. Kisha kila mmoja anataja neno refu aliloliunda na mwenye kamusi anaamua. Mshindi huondoka na birika la chai. Hakuna mamilioni, hakuna moshi wala taa za rangi. Ungekusanya watu kumi sebuleni jioni ile ukawauliza kama kitu hiki kitadumu, sioni wangapi wangesema ndiyo. Mwaka 2014 kilikuwa kimevuka vipindi 6,000, na mpaka leo kipo.

Sababu naiona kuwa hii: mchezo wa maneno una lugha yake ya ndani, na hakuna anayejifunza lugha kwa usiku mmoja. Mara ya kwanza unashughulika na kanuni. Mara ya tatu unaanza kuona mitego. Katika Only Connect kuna ubao wa maneno 16 yanayotakiwa kugawanywa makundi manne kwa dakika mbili na nusu, na yamepangwa makusudi ili neno moja lionekane la kundi hili kumbe ni la lile. Anayekutana nao kwa mara ya kwanza anaona fujo tu na kusema mchezo ni mbovu. Baada ya mwezi, mtu huyohuyo anakunja uso kwa raha anapotegwa. Maoni ya usiku wa kwanza kwa kiasi kikubwa ni maoni ya mtu ambaye bado hajafika mchezoni. Only Connect kilianzia BBC Four, chaneli ya watu wachache, mwaka 2008, kikahamia BBC Two mwaka 2014 bila kulainishwa. Waliosema ni kigumu mno hawakukosea kuhusu ugumu wake. Walikosea kudhani kwamba ugumu utawafukuza watu.

Hata hivyo ushauri huo unasahau jambo. Mtazamaji wa kipindi cha maneno si mtazamaji kama wengine. Anayeangalia mpira hawezi kuingia uwanjani akapiga penalti. Anayeangalia tamthilia hawezi kumwonya mke kwamba mume ana nyumba ndogo, ingawa anajaribu. Lakini ubao ukionyesha herufi, mimi wa kwenye kochi nina herufi zilezile alizonazo yule wa studio, na naweza kumshinda. Kuna washiriki wawili mbele ya kamera, na wa tatu ni mimi, na malalamiko yangu ni ya mchezaji anayemlalamikia mwamuzi.

Sisi tuliolelewa na vitendawili tunalielewa hili bila kufundishwa. "Kitendawili!" "Tega!" Anayeitikia tega ameshaingia uwanjani. Hakuna anayekuja kwenye vitendawili kuangalia tu. Ukishindwa unadaiwa mji, na mtegaji anasema "nipe mji", unamtajia Unguja au Tabora, anaupokea, anajisifu alivyofika huko na alivyokirimiwa, ndipo anakupa jibu. Hata anayeshindwa ana nafasi yake katika kanuni. Sasa fikiria mtegaji anayetega, kisha kabla hujafikiri anajijibu mwenyewe. Au anayetega halafu anasimulia habari za shangazi yake robo saa. Watoto wangemzomea, na wangekuwa na haki.

Ndiyo maana, katika kelele zote za wiki ya kwanza, nimekuja kuheshimu lalamiko la aina moja tu: lile linalohusu muda wa kufikiri. Ugumu utazoeleka, mtangazaji atazoeleka, nembo ya rangi mbaya itazoeleka. Kipindi kinachomnyang'anya wa kwenye kochi nafasi ya kucheza hakizoeleki, kwa sababu kimemgeuza mchezaji kuwa mtu wa kuchungulia dirishani.

Wamarekani walilijua hili kwa vitendo. Wheel of Fortune ilianza kwenye kituo cha NBC Januari 1975: kuna msemo uliofichwa wa kufumbua, unazungusha gurudumu, unataja konsonanti, na irabu unainunua kwa dola 250. Miaka ya mwanzo, aliyeshinda raundi hakupewa fedha mkononi. Alisimama mbele ya jukwaa lililojaa vitu akachagua: kochi hili, taa ile, na mbwa wa kauri mwenye madoadoa ambaye mpaka leo anasimuliwa. Wa nyumbani alikuwa amekaa afumbue mafumbo, akajikuta anamsindikiza mtu dukani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 manunuzi yakafutwa, fedha zikatolewa taslimu, na dakika zilizookolewa zikaenda kwenye mafumbo.

Oktoba 1988 wakagusa raundi ya mwisho. Mshiriki alikuwa akiruhusiwa kuchagua konsonanti tano na irabu moja, na karibu kila mtu alichagua zilezile: R, S, T, L, N na E. Kila usiku nyumba nzima inajua atakachosema kabla hajafungua mdomo. Wakaamua hizo sita wapewe wote bure, kisha mshiriki aongeze konsonanti tatu na irabu moja zake, na muda wa kujibu wakaupunguza kutoka sekunde 15 hadi 10. Mtu anaweza kusema huko kupunguza kunapinga hoja yangu. Sioni hivyo. Wa nyumbani na wa studio walipunguziwa sawasawa, na kilichoondolewa ni pale ambapo hakuna aliyekuwa akifikiri.

Vipindi vingi vya siku hizi vinakwenda kinyume. Jibu limeshatajwa, mtangazaji ananyamaza, kamera inamkaribia mshiriki, ngoma inapigwa, kisha: tutarudi baada ya matangazo. Watengenezaji wanaita hiyo taharuki. Kwa mtu anayependa maneno ni dakika tatu za kusubiri jambo alilolijua tangu mwanzo. Watetezi wake hujibu kwamba kipindi kinaendeshwa kwa matangazo, na bila hiyo hakuna kipindi. Kweli. Lakini Countdown nayo huonyeshwa na chaneli ya matangazo ya biashara, na saa yake haijawahi kumngoja mtu.

Upande wa kusikiliza watazamaji nao una mtego wake, nao ni kujua ni nani hasa unayemsikiliza. Mfano wangu ni Lingo ya Uholanzi. Ilianza huko mwaka 1989: unapewa herufi ya kwanza ya neno, unakisia, na rangi zinakuonyesha herufi ipi ipo mahali pake na ipi ipo lakini imekaa pasipo pake. Mwaka 2006 zikatoka habari kwamba shirika la utangazaji la umma linataka kuiondoa. Tatizo halikuwa kukosa watazamaji. Waliokuwepo walionekana wazee mno, na shirika lilitaka vijana. Mambo yakafika kwenye siasa, hadi Waziri Mkuu Jan Peter Balkenende akasema atasikitika ikiondoka. Nchi ya viwanda na bandari kubwa, waziri mkuu anazungumzia mchezo wa kukisia maneno! Lingo ikanusurika mpaka 2014, na mwaka 2019 ikarudi kwenye kituo cha biashara, SBS6.

Shirika lile lilikuwa na hoja: chombo cha umma kinalipiwa na wote, hakiwezi kuwa cha waliostaafu peke yao. Ila walidhani kwamba kwa kuwa wanaotazama ni wazee, basi mchezo wenyewe ni wa wazee. Oktoba 2021 Josh Wardle, mhandisi wa programu aliyeishi New York, aliweka hadharani Wordle, mchezo wa mtandaoni. Herufi tano, majaribio sita, rangi zinakuonyesha ipi ipo mahali pake. Tofauti na Lingo ni chache: herufi ya kwanza hupewi, jaribio limeongezwa moja, na saa haipo. Januari 2022 New York Times wakainunua, na vijana walewale waliokuwa wakisakwa Uholanzi wakawa wanatumiana vijisanduku vya kijani na njano kila asubuhi. Mwaka uliofuata gazeti hilo likatoa Connections, maneno 16 makundi manne, na Coren Mitchell akakumbusha hadharani kwamba Uingereza ina kitu kama hicho tangu 2008.

Kilichobadilika kwenye simu ni ile saa. Unafikiria neno lako ukiwa kwenye daladala, unaacha, unarudi mchana. Mshiriki wa tatu amebaki peke yake uwanjani, na kwa hiyo anaporudi kwenye televisheni anakuja na madai makali zaidi. Ameshazoea mchezo usiomkimbiza wala kumchelewesha.

Mara kwa mara huwa najiuliza ingekuwaje kama kituo chetu kimoja kingeleta mchezo wa aina hii kwa Kiswahili chenyewe, si kwa kunakili kanuni za Kiingereza. Gurudumu lingeharibika siku ya kwanza. Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, na A imejaa kila mahali. Chukua "haraka haraka haina baraka": herufi 23, na 11 kati yake ni A. Mtu akiinunua kwa dola zake 250 ameshanunua karibu nusu ya fumbo. Raundi ya irabu zilizofutwa, ambayo Only Connect huifungia kazi, ingekuwa vita. HRK HRK HN BRK kila mtu ataimaliza kwa sekunde moja kwa kuwa ni methali. Lakini mpe KT peke yake: kata, kati, kete, keti, kiti, kito, kote, koti, kuta, kutu. Mshiriki atasema kiti, kadi itasema kete, na simu za kituo zitazidiwa.

Vitenzi navyo? "Anapikiwa" ni neno au ni sentensi? Kwenye kamusi utakuta "pika". Ukikubali minyambuliko yote, mchezo ni wa mwenye kujua viambishi. Ukiikataa, umeikata lugha miguu. Watazamaji wangegawanyika hapo hapo, na safari hii nisingesema kwamba hawajazoea, maana swali lenyewe lingekuwa la haki.

Kisha weka herufi tisa za Countdown mezani: M, A, H, A, R, A, G, W, E. Kushoto yupo mshiriki wa Nairobi, kulia wa Dar es Salaam. Sekunde 30 zinakwisha. Wa Nairobi ana "maharagwe", herufi 9, na kwa kanuni za mchezo ule neno la herufi 9 linapata alama 18. Wa Dar es Salaam ana "maharage", herufi 8. Mwenye neno fupi haambulii kitu.