Difu ya 3.364 au 3.9? Hesabu ya Datsun 240Z inapotiwa gia ya tano

Wenye Datsun 240Z za gia nne, gari la michezo lililoundwa na Nissan, karibu wote hutamani gia ya tano. Kwenye barabara kuu injini inalia, mkono unatafuta gia nyingine na haipo. Dawa inayojulikana ni kununua giaboksi ya gia tano ya matoleo yaliyofuata, 280Z au 280ZX, ambayo huingia kwa marekebisho madogo tu. Ubishi huanzia nyuma ya gari. Kuna wanaosema difu, yaani gia za nyuma zinazopeleka nguvu kwenye matairi, iachwe kama ilivyotoka kiwandani, gari litulie na mafuta yapungue. Kuna wanaosema kuweka gia tano bila kugusa difu ni kazi iliyoishia njiani. Pande zote mbili zina hoja za kweli. Tatizo ni kwamba wengi hubishana juu ya difu peke yake, au giaboksi peke yake, wakati tairi halijui hata kimoja kati ya hivyo viwili. Linachokipata ni zao la kuzidisha uwiano wa gia kwa uwiano wa difu.

Tuanze na kiwanda chenyewe, maana mainjinia wa Nissan walilijibu swali hili zaidi ya miaka 50 iliyopita. 240Z iliingia sokoni mwishoni mwa 1969 na kuendelea hadi 1973, ikiwa na injini ya L24: silinda sita, sentimita za ujazo 2393, nguvu za farasi 151 kwa kipimo cha Marekani cha wakati ule, zikifika kilele kwenye mizunguko 5600 kwa dakika. Nguvu ya msokoto, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha, hufika kilele kwenye 4400. Magari ya Marekani yalipewa giaboksi ya gia nne na difu ya 3.364, yaani propela shafti izunguke mara 3.364 ndipo matairi yazunguke mara moja. Mengi ya Ulaya na Australia yalipewa gia tano na difu ya 3.9.

Ukizitazama juu juu utadhani ni magari mawili tofauti, moja la mbio na jingine la nguvu. Sasa zidisha. Gia ya kwanza ya giaboksi ya Marekani ni 3.549, mara 3.364 unapata 11.94. Gia ya kwanza ya ile ya gia tano ni 2.957, mara 3.9 unapata 11.53. Panda juu kabisa: gia ya nne ya Marekani ni moja kwa moja, kwa hiyo jumla inabaki 3.364. Gia ya tano ya upande wa pili ni 0.852; mara 3.9 ni 3.32. Mwanzo karibu sawa, mwisho karibu sawa. Gia ya tano haikuletwa kupumzisha injini. Mainjinia walichukua safari ileile, kutoka kuondoka hadi mwendo wa juu kabisa, wakaigawa vipande vitano badala ya vinne.

Faida yake inaonekana unapobadilisha gia. Kanyaga hadi 6500 kwenye gia ya pili ya giaboksi ya gia nne, ingiza ya tatu: geji inashuka hadi kama 4200, chini ya kilele cha msokoto. Fanya hivyo kwenye ile ya gia tano na geji inasimama karibu 4590, injini ikiwa bado imeamka. Kutoka ya tatu kwenda ya nne, moja inashuka hadi 4580 na nyingine inabaki 4960. Dereva anayependa gari hili husikia tofauti hiyo hata kabla ya kutazama geji.

Giaboksi zinazopatikana leo si zile za 1970. Mbili ndizo hutumika sana. Ya kwanza ni ya 280Z za 1977 na 1978, yenye gia ya kwanza 3.321 na ya tano 0.864, kiwandani iliozeshwa difu ya 3.545. Ya pili ni ya 280ZX za miaka ya 1980 mwanzoni, ya kwanza 3.062 na ya tano 0.745. Kwa nje zinafanana vya kutosha kumdanganya mnunuzi, na muuzaji wa vipuri mara nyingi atakuambia tu kwamba ni «ya gia tano». Ipime hapohapo juu ya meza: ingiza gia ya tano, zungusha shafti ya mbele mara kumi, hesabu ya nyuma. Ikizunguka mara 13 na ushee, ni ile ya 0.745. Ikiishia mara 11 na nusu hivi, ni ya 0.864.

Sasa nichukue upande wa wanaotaka difu ya 3.364 ibaki, na nianze na hoja yao yenye nguvu kuliko zote. Kwa tairi la 195/70 R14, ambalo likibeba gari husogea kama mita 1.93 kwa kila mzunguko, gari la gia nne linakwenda kilomita 100 kwa saa injini ikiwa kwenye 2905. Weka giaboksi ya 0.745 bila kugusa difu: mizunguko inashuka hadi 2160. Hilo ni punguzo la robo nzima. Kwa injini iliyozeeka, yenye vipuri vya kutafutwa kwa taabu, robo ya mizunguko ni uhai. Mlio unapungua, joto linapungua, mnaweza kuzungumza ndani ya gari bila kupaza sauti. Halafu difu iliyokaa nusu karne bila kufunguliwa huwa imetulia, krauni na piniani, gia zake mbili za ndani, zimezoeana. Ukiitoa na kuleta ya mitumba unaweza kujikuta na mvumo kwenye mwendo wa kilomita 80 ambao hakuna mafuta mazito yatakayouzima. Mwenye gari lenye vipuri vyake vya asili pia ana haki ya kutaka vibaki, na sioni sababu ya kumlaumu.

Shida iko upande wa chini. Gia ya kwanza ya 3.062 mara 3.364 ni 10.30, wakati gari lilizaliwa na 11.94. Kwenye foleni, injini ikiwa kwenye mizunguko 1000, gari la asili linatembea bila kuchezewa klachi kuanzia kilomita 9.7 kwa saa. Hili jipya linasubiri mpaka 11.2. Kwa maneno yanaonekana madogo, lakini kwa mguu wa kushoto si madogo, na kwa sahani ya klachi hata kidogo. Kila kuondoka unaichoma. Gia ya pili na ya tatu nazo zimenyooshwa, kwa hiyo ule uhai wa kutoka kona ya polepole umepungua. Na gia ya tano yenyewe? Injini ya L24 kwenye 2160 iko mbali sana na 4400 inapopumua vizuri. Kilima kidogo tu na unarudi ya nne, ambayo kwa difu hiyo ni 3.364 ileile uliyokuwa unaikimbia. Umetumia pesa, na barabara ikipanda unaendesha gari la gia nne lenye gia ya kwanza mbovu kuliko ya zamani.

Kwetu Afrika Mashariki hoja hii ina uzito zaidi. 240Z ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, ikashinda tena 1973 na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews. Nusu ya mapenzi tuliyo nayo kwa gari hili yametoka huko. Lakini njia zile zinapanda. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja kati ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1000 za mwinuko. Nairobi iko kama mita 1700 juu ya bahari. Farasi 151 wa kwenye karatasi wanabaki kama 125 kabla hujaanza kupanda miinuko ya Mau. Gia ya tano inayovuta vizuri Mombasa inaweza kuwa pambo tu huko juu.

Hapo wanaingia watetezi wa 3.9, na kwa giaboksi ya 0.745 hesabu yao ni nzuri mno kupuuzwa. 3.062 mara 3.9 ni 11.94. Ni gia ya kwanza ya kiwanda, hadi nukta ya pili. Juu, 0.745 mara 3.9 ni 2.91, na kwenye kilomita 100 injini inazunguka 2510. Unapata kuondoka kwa asili, gia za kati zilizokaribiana, na bado umepunguza karibu mizunguko 400 barabarani. Ukikuta kilima, ya nne ipo kwenye 3370, mahali ambapo injini ina cha kutoa. Kinachopotea ni mwendo wa juu kabisa. Gari la gia nne linapofika kilomita 200 kwa saa liko kwenye 5810, karibu kabisa na kilele cha nguvu, na haikuwa bahati. Kwa 3.9 na 0.745, kwenye mwendo huohuo gia ya tano iko kwenye 5020, imepita uwezo wa injini kuivuta, na ya nne iko kwenye 6740, inakaribia mstari mwekundu wa 7000. Kwa mtu wa viwanja vya mbio zenye mnyooko mrefu hilo ni pungufu la kweli. Kwa barabara za umma silihesabu.

Ila watetezi haohao huharibu hoja yao wanapoigeuza kuwa sheria: «weka 3.9, basi.» Chukua giaboksi ya 280Z, ile ya 0.864, uifunge difu ya 3.9. Gia ya kwanza inakuwa 12.95 na kwenye mizunguko 6500 inakwisha kilomita 58 kwa saa. Gia ya tano inakuwa 3.37. Kwenye kilomita 100 unasoma 2910, palepale ulipokuwa na gia nne! Mtu ametoa giaboksi, ametoa difu, amelipa fundi mara mbili, na barabarani hakuna kilichobadilika. Giaboksi hiyo inataka 3.545 iliyoizoea: gia ya kwanza 11.77, na 2645 kwenye kilomita 100.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kwa L24 ya kawaida, giaboksi ya 0.745 iende na 3.9, ikikosekana, 3.7 inafaa, na utasoma 2380 kwenye kilomita 100. Ya 0.864 iende na 3.545. Na asiye na uwezo wa kubadilisha vyote viwili, ningemshauri abaki na gia nne na difu yake, kwa sababu hiyo nayo ni ndoa iliyofungwa kiwandani. Nabadilisha kauli pale tu injini inapokuwa L28, ile ya lita 2.8 ambayo wengi huipachika kwenye gari hili. Ina msokoto wa kutosha chini, na kwake 3.545, hata 3.364, na gia ya tano ya 0.745 si mzigo.

Kabla ya kununua difu yoyote, hakikisha uliyo nayo. Inua nyuma, zuia tairi moja, zungusha jingine mara mbili kamili, na mtu mwingine ahesabu propela shafti. Ikienda mara tatu na theluthi, ni 3.364. Ikikaribia nne, ni 3.9. Meno ndiyo yanayoamua: 37 kwa 11 kwenye ya kwanza, 39 kwa 10 kwenye ya pili. Kumbuka na matairi. Aliyevaa 195/60 R14 kwa sababu ya sura amepunguza kipenyo karibu asilimia 6, na 3.364 yake sasa inafanya kazi kama 3.59. Huyo ameshabadilisha difu bila kujua.

Namshauri mtu abadilishe difu nzima kuliko kubadilisha krauni na piniani ndani ya ganda la zamani. Kuipanga piniani kina chake na nafasi kati ya meno ni kazi ya fundi mwenye vipimo na subira, na ikikosewa huvuma tangu siku ya kwanza. 240Z ilikuja na difu ya R180. 280Z ilileta R200, nzito na imara zaidi. Wapo pia wanaotumia R180 ya Subaru Impreza WRX STI, ambayo ziko za 3.9. Hapa Kenya, ambako Subaru zimejaa, ni njia yenye maana, ilimradi ujue kwamba vishafti vya pembeni haviingiliani moja kwa moja na vinahitaji vya kutengenezewa.

Spidomita nayo isisahaulike, kwa kuwa inasoma kutoka kwenye giaboksi na haijui kilichotokea nyuma. Ukitoka 3.364 kwenda 3.9 na kuacha kigia chake kidogo cha plastiki, kilomita 100 za kweli zitasomeka 116. Kigia chenye meno yanayofaa kinapatikana na hubadilishwa kwa dakika chache. Kisha toka barabarani na simu yenye GPS, shika kilomita 100 kwenye gia ya tano, tazama geji ya mizunguko. Kama ulinunua 0.745 na 3.9, sindano isimame karibu 2500. Ikisimama 2900, ulichouziwa ni giaboksi ile nyingine.